Usiuze alizeti ununue kompyuta mpya kabla hujaangalia RAM



Leo naweka kando habari za mbegu na viwavijeshi, niseme jambo ambalo naona linawala watu fedha. Baada ya mavuno, mfanyabiashara mmoja katika kata ninayohudumia alinifuata akitaka nimshauri anunue kompyuta gani. Aliyonayo ni ya kupakata, aliinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo anayoandikia mizigo ya alizeti na madeni ya wakulima. Akasema anaiwasha, anakwenda kunywa chai, akirudi bado inazunguka. Alikuwa ameshapanga kuuza sehemu ya magunia aliyoyaweka stoo kusubiri bei. Mnajua wenyewe wakati wa mavuno bei inavyokuwa, kila mtu anauza.

Nikamwambia asubiri. Msimamo wangu ni kwamba kompyuta ikiwa nzito, mashine mpya iwe hatua ya mwisho.

RAM ni nini? Chukulia ghala na turubai. Magunia yote yako ghalani, lakini ukitaka kupepeta unatoa machache na kuyamwaga kwenye turubai. Ghala ni diski, mahali kazi zako zinapokaa hata umeme ukikatika. Turubai ni RAM, mahali kompyuta inapofanyia kazi ya wakati huo. Turubai likiwa dogo, kila mara unarudisha mzigo ghalani ili upate nafasi ya kumwaga mwingine. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, huazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole mno kuliko RAM. Hapo ndipo inapoanza kuganda.

Sasa, kosa ninaloliona kwa wauzaji wengine ni kumwambia kila mteja "ongeza RAM" bila kuangalia. Ni sawa na kumuuzia mkulima mbolea bila kuuliza udongo wake ukoje. Kupima ni bure. Washa kompyuta, fungua vitu unavyovitumia siku zote, kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Nenda kwenye sehemu ya Performance, uangalie mistari miwili, Memory na Disk.

Memory ikikaa juu ya asilimia 85 au 90 muda wote wa kazi, RAM haitoshi. Memory ikiwa na nafasi lakini Disk imeganda kwenye asilimia 100, RAM haitakusaidia sana. Ugonjwa uko kwenye diski, hasa zile za zamani zinazozunguka, na dawa yake ni kubadilisha uweke diski ya SSD. Kwa kompyuta nyingi za mtumba ninazoziona huku, SSD ndiyo inayoleta tofauti kubwa zaidi katika kuwasha. Zote mbili zikijaa, anza na RAM, maana mara nyingi diski inahangaika kwa sababu ya RAM kuwa ndogo.

Ya huyu ndugu yetu ilikuwa na RAM ya GB 4, na Memory ilikuwa imejaa kabla hata hajafungua daftari lake la Excel. Kwanza tulizima programu zinazojiwasha zenyewe, zimo humo humo Task Manager, sehemu ya Startup. Ilipungua kidogo. Kisha tukaona mashine ina nafasi mbili za RAM na moja iko wazi, akaongeza GB 4 nyingine zikawa 8. Sasa anafungua daftari, kivinjari na WhatsApp kwa pamoja. Magunia yake bado yako stoo.

Kwa kazi zetu za hesabu, barua na intaneti, GB 8 zinatosha. Anayekwambia uweke 16 kwa ajili ya daftari la madeni anakuuzia trekta ulime bustani ya mchicha.

Kabla ya kununua, jua aina. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe. Ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya kupakata ni fupi. Kuna DDR3L pia, inayotumia umeme mdogo wa volti 1.35, na baadhi ya mashine hazikubali DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Kuna kompyuta nyembamba ambazo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hizo huongezi kitu. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka nyingi. Lakini tusidanganyane, RAM haigeuzi mashine ya zamani kuwa mpya. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11 hata zikiwa na RAM nyingi.

Kuna hili la vumbi letu la Dodoma. Upepo wa kiangazi unajaza feni, mashine inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe. Fundi akifungua kuweka RAM, mwambie asafishe feni hapo hapo. Kabla hajagusa kitu, azime kabisa, achomoe waya na betri, na ashike chuma kwanza, maana hewa yetu kavu inatengeneza umeme mwilini unaoweza kuua RAM bila wewe kuona cheche. Wewe nawe nakili madeni yako kwenye flashi kabla hujamkabidhi.

Ukienda mjini kununua, usiende na jina la kompyuta kichwani. Beba kompyuta yenyewe, RAM iwekwe ukiwapo, iwashwe, na uone kwa macho yako Task Manager ikisoma GB mpya ndipo utoe hela.