Acheni kutesti seva na paswadi za ukweli

Wasee wa seva, tusidanganyane. Kama msimbo wako wa Puppet unajaribiwa kwa data ileile inayoendesha seva za kazi, hiyo ni kufanya mtihani ukiwa na majibu kando.

Kwa wale hawako kwa hii kazi: Puppet ni programu ya kupanga seva. Unaandika maagizo mara moja, halafu vitu vinavyobadilika, kama anwani za IP na paswadi, unaviweka kando kwa faili ambazo Hiera inazisoma. Ukitumia rspec-puppet unaweza kujaribu msimbo kwa laptopu yako bila kugusa seva yoyote. Sasa hapo ndipo uvivu huingia. Mtu anaielekeza Hiera kwa faili za ukweli, majaribio yanapita, anaenda zake.

Shida ya kwanza mnaijua. Paswadi ikishaingia kwa Git, hata ukiifuta kesho bado iko kwa historia. Na kama kuna majina na namba za simu za watu humo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina habari na “ilikuwa test tu.”

Lakini ile inaniuma zaidi ni hii: data ya ukweli inajua tu seva mlizo nazo. Zote ni Ubuntu? Basi majaribio yako yanaijua Apache kwa jina la apache2 pekee. Siku bosi ataleta mashine ya Red Hat, huko inaitwa httpd, na msimbo utatafuta kifurushi ambacho hakipo. Kwa data ya kubuni ungeambia jaribio “hii ni Red Hat” na lingekubali, hata kama hujawahi kuiona. Mistari michache tu! Halafu ongeza ukorofi: porti iliyoandikwa kwa herufi, orodha tupu, thamani iliyosahaulika. Uone kama msimbo utakataa au utanyamaza.

Na msiniambie kubuni ni kazi ngumu. Anwani 192.0.2.0 hadi 192.0.2.255 zilitengewa mifano, sawa na example.com. Paswadi iwe “ugali-mayai”, nani atakuibia?

Kuna mtu atasema data bandia inaweza kupita na seva halisi ikakataa. Ni kweli. Ndio maana Puppet ina noop, inayokuonyesha kitakachobadilika kabla kibadilike. Hiyo fanya baadaye, kwa seva yenyewe.

Leo fungua tu ile folda yako ya majaribio uangalie kuna nini ndani. Usinitumie.