Germanium ya Terril, nukta za kwantumu na mtetemo: juu ya nini sisi wa Pweto tujali?

Mwezi wa 10 mwaka 2024, kampuni STL, mtoto wa Gécamines, ilituma Ubelgiji mzigo wake wa kwanza wa germanium iliyotolewa mu Terril ya Lubumbashi, ile mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba. Aliyepokea ni Umicore. Tangu hapo wasikilizaji wengi wanauliza: kitu hiki ni cha kazi gani?

Kazi ni nyingi. Germanium inatiwa ndani ya nyuzi za vioo zinazobeba intaneti, na mu vioo vya kuonea usiku. Transista ya kwanza ya mwaka 1947 ilikuwa ya germanium. Leo watafiti wa Delft, Uholanzi, wanatengeneza ndani yake nukta za kwantumu. Nukta hizo ni vipande vidogo kupita kiasi, milimita moja ikigawanywa mara makumi ya maelfu. Chembe ya umeme ikifungwa mule inatii sheria zake za pekee.

Kuna nukta zingine, za madini tofauti, zinazotoa mwanga. Watu wa fizikia wanaweka mbili pamoja ndani ya kijumba ambacho kuta zake zinarudisha mwanga kama kioo. Mwanga wa moja unazunguka mule mpaka unamezwa na mwenzake. Ndivyo zinavyosemezana, na ndiyo njia moja wanayojaribu kwa kompyuta za kesho.

Shida ni mtetemo. Si tetemeko la udongo kama lile linalosikika mara kwa mara pembeni ya Moero, hapana. Ni atomu za madini yenyewe, hazitulii hata siku moja. Zinavuruga mapatano ya zile nukta mbili, na joto likipanda ni mbaya zaidi. Kwa hiyo maabara zinapoza karibu na digri 269 chini ya sifuri.

Lakini mtetemo huo unasaidia pia, na hapo ndipo pananipendeza. Mara nyingi nukta mbili hazilingani: moja iko na nguvu zaidi. Fikiri uko mu pirogi, na bandari ya Pweto iko juu yako. Wimbi likikuinua, unapanda. Kama bandari iko chini, unaruka tu, na pirogi inatikisika. Mtetemo unafanya vile: unajaza tofauti, nguvu inapita. Mu baridi kali mawimbi ni machache, kwa hiyo kushuka kunawezekana, kupanda ni taabu.

Sasa turudi kwa feza. China, mzalishaji mkubwa wa germanium duniani, ilianza kudai ruhusa kwa kila mzigo unaotoka tangu Agosti 2023, na Desemba 2024 ikakataza Marekani kuuziwa. Ndiyo maana Terril yetu inatafutwa. Lakini mapatano ya Mei 2024 yanaipa Umicore peke yake haki ya kusafisha germanium hiyo, nayo inasaidia STL kwa ufundi. Kwa maneno mengine, inatoka hapa ikiwa bado nusu njia. Kipushi pia ilitoa germanium zamani, na usafishaji haukubaki kule.

Serikali iliiweka germanium kati ya madini ya kimkakati Novemba 2018, pamoja na kobalti na koltani. Ushuru wake ni asilimia 10 ya bei. Kwa sheria ya madini, nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa muji au sheferi yenye chimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Pweto haina Terril. Sehemu yetu iko ndani ya ile 25 ya Haut-Katanga, mule munamotoka pia barabara. Kwa hiyo swali la kupelekea wabunge wa jimbo ni hili: kila mzigo unaotoka Lubumbashi, germanium yake inapimwa na nani, na inaandikwa kilo ngapi?