Lafudhi Haina Uraia

Kaa kidogo kwenye kijiwe cha kahawa Bukoba mjini, au gulioni Muleba, utamsikia mtu akisema kwa uhakika: "Yule Mnyarwanda, siku likitokea la kutokea, atasimama na kwao." Ushahidi wake? Lafudhi, pua na kimo. Maneno haya hupita kama busara ya wazee. Mimi nayaona uvivu wa kufikiri.

Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Bukoba, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mwaka 1919 Mwingereza na Mbelgiji wakagawana. Vibarua kutoka Rwanda na Burundi wakaendelea kuja kulima vibanja na kuchuma kahawa ya Wahaya. Wengine wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Na kama ni kuchimbuana asili, tusiishie kwa vibarua: katika falme za Kihaya, watawala wa Kiziba walikuwa Wababito, ukoo wa Bunyoro, na wa Ihangiro walikuwa Wahinda, ndugu wa watawala wa Nkore. Nani atawapakia hao kwenye lori la kwenda Uganda?

Wabishi wangu hunitajia Warusi walioachwa nje ya Urusi. Sawa. Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulivunjika, na mamilioni ya Warusi wakaamka ugenini bila kuhama nyumba. Latvia, kwa kuihofia Moscow, iliwaacha watu takriban 700,000 bila uraia, wengi wao wasemaji wa Kirusi. Ukraine iliwapa uraia wakazi wake wote, na bado ikavamiwa. "Unaona?" wananiambia. Naona Kharkiv, mji uliozoea kuongea Kirusi: jeshi la Putin lilipoingia mitaani Februari 2022, lilitimuliwa. Tamaa ya ardhi ilikuwa ya Moscow, haikuwa ya lugha.

Sisi je? Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa hapa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka waliobaki. Silaha zilikamatwa, sikatai. Lakini katika maelfu waliovuka mpaka walikuwamo waliozaliwa hapahapa, wasio na hata shangazi wa kuwapokea Rwanda.

Ajabu ni kwamba dawa tunayo. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Na Kikwete huyohuyo, Oktoba 2014, akatangaza uraia kwa wakimbizi wa Kirundi waliokuja mwaka 1972, wapatao 162,000, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Sijasikia bado kwamba Katumba imejitangaza mkoa wa Burundi.