NENO LA MWEZI: Njia Nyembamba Yataka Adabu



Kiangazi kilichopita tulikodi gari la kulala, lenye vitanda, jiko na choo chake, tukafuatana na wajukuu kuzunguka pwani ya kaskazini ya Uskoti. Mzunguko huo, uliopewa jina la North Coast 500 mwaka 2015, huanzia na kuishia Inverness, na urefu wake ni maili 516. Ni pwani ya majabali, upepo na maji ya baridi. Mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa nne usiku.

Upande wa magharibi, sehemu kubwa ya barabara ni ya upana wa gari moja tu. Hapa na pale njia imeongezwa upana kidogo: hivyo ndivyo vituo vya kupishana. Aliye karibu na kituo hungoja, na mwenye haraka aliye nyuma hupishwa.

Siku ya tatu, wakati wa Alasiri, tulisimama katika kituo kimojawapo. Tukatandika miswala majanini, tukasali, kisha tukateleka chai. Mara akatokea mkulima mzee na gari lake la kondoo, na lori likimjia mbele. Kituo alichotaraji kuingia tumekijaza sisi. Ikambidi arudi kinyumenyume hadi kituo cha nyuma. Baadaye alitujia, wala hakugomba. Alisema kwa upole kwamba pale si mahali pa kuegesha, na kwamba njia hiyo hiyo ndiyo ya daktari na ya zimamoto.

Tumewafunza wajukuu kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Mdogo wao akauliza, "Babu, leo udhia ni sisi?" Hatukuwa na jibu ila kuliwasha gari. Tulisali kwa wakati wake, lakini juu ya haki ya mwenzetu.

Basi mkikusudia safari hiyo, laleni katika kambi za magari, kwani ruhusa ya Uskoti ya kupiga kambi kwenye ardhi iliyo wazi haiwahusu wenye magari. Uchafu wa choo umwagwe palipotengwa. Na mlima wa Bealach na Bà, wenye kimo cha mita 626 na kona kali, msiupandishe gari kubwa. Zungukeni kwa njia ya Shieldaig.

Mgeni mwema hukumbukwa kwa nafasi aliyowaachia wenyeji.

Wabillahi tawfiq.