Kijana mwenye mawazo mingi anahitaji hadithi, si matusi



Katika sendika tunazungumza sana juu ya usalama wa shimo: miti ya kushikiza, hewa, maji ya mvua. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua iliporomosha mashimo kule Kamituga na watu kama 50 wakafa, wengi wao vijana. Siku ile tulilia hadharani, na hakuna aliyeona haya. Lakini kijana akijiua mwenyewe, kilio kinakuwa cha chini-chini. Jamaa wanasema ni malaria, wengine wanasema walimuloga. Wadogo zake wanabaki na maswali, na hakuna mkubwa wa kuwajibu.

Tunataka ukimya huo uvunjwe, na tunaona vitabu vya hadithi vinaweza kusaidia. Tunajua mtasema: "Tuko na njaa, tuko na vita, ninyi munatuletea vitabu?" Tusikilizeni kwanza.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29, mwaka 2021 ilikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani. Na kati ya watu kumi wanaojiua, zaidi ya saba wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Basi tuache kusema ni ugonjwa wa wazungu. Hapa Katogota tuko na watoto waliozaliwa na wazazi walioponyoka mauaji ya tarehe 14 Mei 2000. Wamekulia katika kukimbia na kurudi. Baba iko kwenye machimbo miezi na miezi, mama iko sokoni toka asubuhi. Mtoto akinyamaza, akikataa chakula, akikosa usingizi, tunasema: "Ule mutoto iko na kiburi." Pengine si kiburi. Pengine ni huzuni nzito ambayo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na iko na matunzo yake.

Lugha yetu haijanyamaza juu ya jambo hili. Mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa riwaya *Rosa Mistika*. Rosa ni msichana wa shule. Baba yake ni mlevi na mkali kupita kiasi. Akitoka mikononi mwa baba hajui kujiongoza, wanaume wanamtumia, na mwishowe anajiua. Kitabu kilikatazwa mashuleni Tanzania kwa muda, halafu kikakubaliwa na wanafunzi wakakisoma. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa *Kichwamaji*, na humo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, naye anajiua. Baba anayesoma habari za Zakaria, baba yake Rosa, atajiuliza vizuri kabla ya kuinua fimbo.

Wazee wengine wanaogopa: vitabu vya namna hiyo si vitafundisha watoto kufa? Hofu hiyo si ya bure, na si ya leo. Mwaka 1774 Goethe, Mjerumani, aliandika riwaya ya kijana Werther anayejiua kwa sababu ya mapenzi. Watu waliogopa vijana watamuiga, na mji wa Leipzig ukakataza kitabu. Wataalamu wa leo pia wanakubali kwamba kifo cha namna hiyo kikisimuliwa kwa urefu na kwa sifa, kinaweza kumvuta mwingine aliye katika shida. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Vienna, Austria, walionyesha upande wa pili: mahali ambapo magazeti yalisimulia mtu aliyefikiria kujiua kisha akapata njia nyingine, vifo havikuongezeka, bali vilielekea kupungua. Waliita jambo hilo kwa jina la Papageno, mtu wa opera ya Mozart ya mwaka 1791. Papageno alitaka kufa, vijana watatu wakamkumbusha kengele zake, akaendelea kuishi.

Kwa hiyo kuficha hadithi hakusaidii. Kazi ni kuchagua namna ya kusimulia. Tunaomba waandishi wetu wa Kivu, walimu na vijana wa tamthilia waandike hadithi za hapa, zenye vumbi letu na mto wetu Ruzizi. Wasieleze namna mtu alivyojiua. Wasimfanye marehemu kuwa shujaa. Wasiseme sababu ilikuwa moja tu, kama minervali au mchumba, kwa maana mambo haya yana mizizi mingi. Na waonyeshe mtu mmoja aliyeulizwa, akajibu, akasaidiwa. Vitabu vya Kezilahabi vinafaa kusomwa na mkubwa akiwa karibu, ili mazungumzo yasiishie kaburini.

Tena tusingoje daktari wa akili kwa kila kijiji. Kule Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na mabibi 14 wa Harare. Walifunzwa kusikiliza, wakakaa kwenye viti vya mbao karibu na kituo cha afya, na kila mwenye mawazo mingi alikuja kuketi nao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata matunzo ya kawaida tu. Mabibi wenye masikio hata sisi tunao.

Tunapendekeza hivi kwa kamati zote za wachimbaji. Kasha letu linalipa mazishi. Litoe pia kidogo kwa vitabu vya Kiswahili. Bidhaa za Kigoma zinajulikana bandarini Kalundu, na vitabu vinaweza kupita njia hiyo. Kila Jumamosi saa moja ya kusoma kwa sauti, wasiojua kusoma wasikilize. Mama wawili wenye kuaminiwa na muganga wa sentre ya afya wawepo. Kijana akizidiwa, kasha lilipe tiketi mpaka Bukavu, kwenye SOSAME, sentre ya Mabruda wa Upendo inayotunza magonjwa ya akili.

Na nyumbani, wazazi wapenzi, muulizeni mtoto waziwazi: "Unafikiri kufa?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, musimpige, musimpeleke kwanza kwa mwenye kutoa mashetani. Musimuache peke yake, ondoeni karibu naye vitu vya hatari, na mutafute muganga siku ileile. Nawe kijana unayesoma haya na roho imechoka, tafuta mtu mmoja leo, mumwambie ukweli. Sisi wa sendika mlango wetu uko wazi, hata kama hujawahi kutoa kotizo.