Mbao za merikebu: Ni njia ipi ya kuzikausha iifaayo Mombasa?

SWALI la namna ya kukausha mbao zilizolala baharini kwa karne nyingi limepata uzito mpya katika pwani ya Kenya. Mnamo 2024 watafiti waliandika kwamba mabaki yaliyopatikana Ngomeni, karibu na Malindi, huenda ni ya São Jorge, merikebu ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama iliyozama 1524.

Mombasa imewahi kulikabili swali hilo. Mbele ya Fort Jesus, hatua chache kutoka Ndia Kuu (Wamvita hawasemi njia), Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Ilichimbuliwa kuanzia 1977 hadi 1980. Vyombo vilipandishwa na kuhifadhiwa ngomeni. Kiunzi chenyewe kilipimwa, kikachorwa, kisha kikaachwa chini ya maji.

Uamuzi huo haukutokana na uzembe. Seremala wa Mji wa Kale huanika ubao mbichi kivulini, nao hukauka ukabaki na umbo lake. Ubao wa baharini ni kitu kingine. Vijidudu vimekwisha kuula kwa ndani, na kinachoushikilia ni maji tu. Yanapotoka, huvuta kuta dhaifu za chembe zake zikashikamana. Ubao hunywea, hupinda na kupasuka. Kuanika ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo iharibuyo zaidi.

Njia ya pili ni kuyaondoa maji polepole na kuweka mahali pake nta iyeyukayo majini, poliethilini glaikoli. Wasweden waliinyunyizia Vasa dawa hiyo kwa miaka 17, tangu 1962 hadi 1979. Vifaa vyake si vya ajabu: birika, pampu na mabomba. Gharama imo katika dawa na miaka. Aidha, aina nyepesi za nta hiyo hunyonya unyevu wa hewa, jambo lisilopuuzwa katika mji kama Mombasa.

Ya tatu ni kukausha kwa kugandisha. Ubao huloweshwa kwanza katika nta kidogo, ukagandishwa, kisha ukatiwa katika chumba kisicho na hewa. Humo barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, hivyo kuta hazivutwi. Mvuke hunaswa na mtambo wenye baridi kali zaidi. Wamarekani waliikausha hivyo La Belle, iliyozama 1686, baada ya bei ya nta kupanda. Mashine yao ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi.

Mashine ya kiasi hicho haiifai Mombasa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, barafu huyeyuka ndani ya ubao na madhara yale yale ya kuanika hurudi. Mashine ndogo, yenye jenereta yake, ingetosha kwa vipande vya kuchonga, vipini na kapi. Hata hivyo vikishatoka humo vitahitaji chumba chenye unyevu usiobadilika, mwaka baada ya mwaka, na bajeti za makumbusho husahau gharama hiyo kwa urahisi.

Kwa viunzi vikubwa, mchanga wa bahari bado ni ghala la bei nafuu. Kinachotakiwa Ngomeni ni bajeti ya ukaushaji kupitishwa kabla ya ubao wa kwanza kupandishwa.