Msonge Umefukuzwa Mlangoni, Umerudi Darini

Eti sasa duara ndiyo ustaarabu! Ndugu zangu waandishi chipukizi, piteni hapa kwetu Nkoma, au nendeni Bariadi mjini, mkajionee. Mtu kavuna pamba, kauza ng'ombe, kajenga nyumba ya bati yenye pembe nne. Safi kabisa, nampa hongera. Halafu anamwita fundi wa jipsamu amchoree duara kwenye dari ya sebule, duara ndani ya duara, taa katikati. Pa kupitia kwenda kulia chakula nako lazima pawe na tao. Meza ya kioo, duara. Wageni wanakodoa macho: "Bwana wee, hii ndiyo nyumba!" Na huyo huyo ndiye aliyebomoa msonge wa mama yake kwa kuuonea haya.

Tusidanganyane. Msonge una sababu za kweli za kupungua. Bati huja limenyooka, na ukitaka kuezekea paa la duara utakata vipande mpaka uchoke. Kitanda kina pembe, kabati lina pembe, tofali ndiyo usiseme. Nyasi za kuezekea zinatafutwa mbali na zinashika moto. Tena ilikuja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, watu wakahamishwa na kaya zikapangwa mistari. Hayo yote nayakubali. Nisichokubali ni hili neno "ushamba".

Chukua kamba ya mita 20. Ilaze chini iwe mraba: umepata mita za mraba 25. Kamba hiyo hiyo ilaze duara: unapata karibu 32! Urefu wa ukuta ni ule ule, nafasi imeongezeka. Mzee aliyechomeka mti katikati, akafunga kamba na kuzunguka nao, alifanya jometri bila kumsubiri mwalimu mwenye bikari. Leo mjukuu wake aliyefaulu hesabu anamcheka.

Wengine hawakucheka. Pale Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, Padri David Clement, mtu wa Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na kanisa la pale ni la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Mgeni katoka ng'ambo kaona, sisi tuliozaliwa humo hatuoni! Kasubi, Kampala, nyumba kubwa ya duara yenye makaburi ya makabaka wanne iliungua Machi 2010. Baganda wakaijenga upya kwa duara lile lile. Hakuna aliyewaambia wamalizie na boksi la tofali.

Sisemi turudi sote kwenye nyasi, mimi mwenyewe nalala chini ya bati. Nasema fundi wetu wa udongo anajua kukunja ukuta, kulainisha kona, kufinyanga benchi la kukalia likashikana na ukuta. Mwite huyo kabla ya yule wa jipsamu, na umlipe kama fundi, siyo kumtupia hela ya pombe.

Lakini waliokosa zaidi ni sisi wenye kalamu. Angalia hadithi zetu tunazopeana kusoma. Ukitajwa msonge, ujue mganga anakuja. Au maskini anakohoa. Shujaa akipata hela tu, tunamkalisha kwenye sofa chini ya feni, basi, kaokoka. Mwandishi hajaingia ndani ya msonge hata siku moja, lakini anaujua!

Ingia basi, ukae. Nje jua kali, ndani giza la baridi. Ukuta hauna kona hata moja. Mke kanuna, mume kanuna, moto uko kati yao na watoto wanasikiliza. Huyo aliyenuna atageuzia uso wapi? Hapo pana sura nzima ya riwaya, nami naisubiri.